Chatboti ya Duka, Chatboti ya Kila Mtu, na Swali la Nani Anawajibika

Hapa Kigoma, mfanyabiashara mdogo anayeuza kwa simu huambiwa kila mara kwamba siku hizi kujibu wateja ni kazi ya kuiachia mashine. Ushauri huo si mbaya, ila wanaoutoa huitaja chatboti, yaani programu inayojibu ujumbe yenyewe, kana kwamba ni kitu kimoja. Ndani ya programu zilezile za kutumiana ujumbe zipo chatboti za aina mbili: ile iliyowekwa na biashara ili ijibu kwa niaba yake, na ile iliyowekwa na kampuni ya teknolojia ili izungumze na mtu yeyote kuhusu jambo lolote. Mimi humsaidia mama mdogo kuendesha biashara yake ya dagaa na mawese pale Mwanga, na kwa kuwa tumezitumia zote mbili, nimefikia msimamo kwamba swali la kwanza si ipi yenye akili zaidi, bali ni nani atakayewajibika kwa jibu itakalolitoa.

Chatboti za biashara ndizo zilizotangulia kuenea. Telegram iliwafungulia mlango watengenezaji wa chatboti mwezi Juni 2015, Messenger ya Facebook ikafuata Aprili 2016, na WhatsApp ikaleta programu ya biashara Januari 2018 na, mwezi Agosti mwaka huohuo, mfumo wa kampuni kubwa kuunganisha mitambo yao na WhatsApp. Aliyezoea kupiga *150*00# ya M-Pesa na kuchagua namba hapati taabu kuzielewa, kwa sababu nyingi kati yake ni menyu ileile ya simu ya kitochi iliyohamishiwa kwenye dirisha la mazungumzo. Aina ya pili ilipata nguvu baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022. Mwaka 2024 Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, iliingiza chatboti yake ndani ya WhatsApp katika nchi kadhaa, zikiwamo jirani zetu Uganda na Zambia, na Desemba mwaka huohuo ChatGPT nayo ikapatikana humo kwa namba ya simu ya Marekani.

Kwa upande wa kuudhi, chatboti ya biashara haina mshindani. Niliwahi kuiandikia ya taasisi moja ya fedha kwamba nimetuma hela kwenda namba isiyo sahihi na ninaomba msaada wa haraka. Ikajibu: "Samahani, sijakuelewa. Chagua 1 kuona salio, 2 kupata taarifa fupi, 3 kurudi mwanzo." Nikaandika tena kwa maneno mengine, ikaniletea orodha ileile, na chaguo la kuzungumza na mtu halikuwamo. Hata hivyo kila kilichoandikwa kwenye orodha ile kilikuwa kweli, na kilikuwa kauli ya taasisi yenyewe. Kama ingenipa salio lisilo sahihi, ningejua mlango wa kwenda kugonga.

Chatboti ya kila mtu ni kinyume chake. Inaelewa "dagaa bei gn mpk Dar" bila kusitasita, inajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wauzaji wengi, na hairudishi mtu kwenye menyu. Nilipoiomba moja inieleze sifa za dagaa wa Kigoma ili nipate maneno ya tangazo, iliniandikia aya nzuri sana, na samaki aliyemweleza alikuwa wa Ziwa Victoria. Mnunuzi wa Kariakoo hawezi kuchanganya hao wawili hata akiwa gizani: wetu wa Ziwa Tanganyika, ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae, si samaki yule wa Mwanza, Rastrineobola argentea, na hata bei zao hazisogeleani. Aya ile haikuonyesha shaka hata kidogo. Na kama ningeibandika kwenye tangazo, ambaye angeulizwa na wateja ni mama mdogo.

Jambo hilo limeshatugusa dukani. Mteja mmoja wa Dodoma alituma picha ya skrini ikionyesha bei ya kilo aliyopewa na chatboti, akataka auziwe kwa bei hiyo. Mama mdogo, ambaye hana subira na mambo ya kubishana, alimjibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huyo aliyekutajia hiyo bei ndiye akuuzie." Kijana akacheka, akanunua kwa bei yetu. Lakini fikiria kama bei ile ingetoka kwenye namba yetu wenyewe, imetajwa na mashine tuliyoiweka sisi.

Kesi ya namna hiyo ipo, na iliamuliwa Februari 2024 katika jimbo la British Columbia, Kanada. Chatboti kwenye tovuti ya Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba anaweza kuomba punguzo la nauli ya msiba baada ya kusafiri, wakati utaratibu wa shirika haukuruhusu hivyo. Katika kujitetea, shirika lilidai kwamba chatboti ni kama chombo kinachojitegemea na kinachowajibika kwa matendo yake chenyewe. Baraza la usuluhishi lililosikiliza madai hayo liliukataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe. Chatboti ile haikuwa kwenye WhatsApp, lakini sioni kwa nini mteja aliyeahidiwa kitu kwenye WhatsApp awe na haki pungufu.

Kwa hiyo vijana wanaopita madukani wakiuza huduma ya kuunganisha akili unde (AI) na namba ya biashara huwa nawauliza inajibu kutoka wapi. Kama inajibu kutoka kwenye orodha yetu ya bidhaa na masharti yetu pekee, tunaweza kuzungumza. Kama inajibu kutoka katika yote iliyojifunza kwenye intaneti, basi tunampa kalamu na muhuri wa duka mtu tusiyemjua. WhatsApp wenyewe waliuchora mstari huo kwa sababu zao: masharti ya mfumo wao wa biashara yaliyoanza tarehe 15 Januari 2026 yalizikataza katika nchi nyingi chatboti za kuzungumza kila jambo, na ChatGPT ikaondoka, ingawa biashara iliruhusiwa kuendelea kutumia akili unde kuhudumia wateja wake. Kwamba Meta ilibaki na chatboti yake humohumo ni jambo lililowakera wengi, na mamlaka ya ushindani ya Italia ililiingilia Desemba 2025. Lakini huo ni ugomvi wa wakubwa.

Sisi tumebaki na programu ya bure ya WhatsApp ya biashara, ambayo kwa kweli haistahili hata kuitwa chatboti. Ina ujumbe wa salamu unaomwendea mteja mpya, au yule aliyekaa kimya kwa siku 14, na ina majibu ya haraka tuliyoyaandika wenyewe. Mama mdogo alikataa salamu ile ianze na orodha ya namba, kwa sababu mtu anayeandika "Shikamoo mama" kisha akaambiwa achague 1 ataona amedharauliwa, nami nakubaliana naye kabisa. Bei haimo kwenye ujumbe wowote wa kujituma. Kinachomo ni aina za dagaa, namna tunavyofungasha, na kwamba mzigo hukabidhiwa kwenye ofisi ya basi pale Masanga baada ya malipo kuonekana.

Sababu ya kuiacha bei nje ilionekana wazi mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Menyu yoyote iliyoandikwa Aprili ingeendelea kusema dagaa wapo mpaka mtu aibadilishe, na chatboti ya kila mtu ingeendelea kujibu kutokana na ilichosoma zamani. Tofauti ni kwamba ya kwanza tunaweza kuirekebisha wenyewe kwa dakika moja. Wateja wetu wa Kasulu, ambao hutuma ujumbe wa sauti kwa Kiha kilichochanganyika na Kiswahili, hakuna mashine kati ya hizo iliyowahi kutusaidia kuwajibu. Atakayenionyesha chatboti inayoweza kumwambia mteja "subiri nimuulize mwenye duka", ikanyamaza kweli mpaka mwenye duka ajibu, nitampa namba ya duka siku hiyohiyo.