Siku moja maishani mwangu: kupeleka kisiki ukumbini, Dodoma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko uani nachekecha udongo. Mimi ni msanii wa picha, sauti na video, na leo tunafungua maonyesho mjini Dodoma. Nusu ya mauzo inakwenda kwa kikundi cha wakulima wa kijiji kimoja nje ya mji, wanaofufua miti kwa njia ya kisiki hai, yaani kuyatunza machipukizi ya mti uliokatwa mpaka yawe mti tena. Picha moja bado inadai rangi, na rangi yangu ni ardhi yenyewe: udongo mwekundu wa Kondoa, mweusi wa mbugani, na vumbi la mkaa ninalookota pale wanapopakulia magunia.

Naponda kwenye kinu kidogo, nachekecha kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka ibaki unga laini, kisha nachanganya na gundi ya mgunga niliyoiloweka tangu jana. Hapa ndipo penye kazi. Gundi ikiwa nyepesi, udongo unapukutika kitambaa kikikunjwa. Ikizidi, picha inapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Najaribu kwenye kona ya kitambaa, nakikunja, nakikunjua, nasugua kwa kidole. Kidole kikitoka safi, naendelea.

Wekundu huu una historia ndefu kwetu. Michoro ya kwenye miamba ya Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi yake ni ya rangi nyekundu itokanayo na ardhi: watu warefu, wembamba, twiga, pofu. Karibu na miamba ile sichoti hata kiganja kimoja. Udongo wangu unatoka kwenye kingo za korongo lililomeguka shambani, kwa ruhusa ya mwenye shamba.

Saa mbili bajaji inafika. Projekta naipakata mwenyewe. Spika, magunia na fremu vinapangwa nyuma, na dereva anaendesha polepole bila hata kuombwa.

Kazi kubwa kwenye maonyesho ni pazia la magunia matupu ya mkaa, yaliyoshonwa pamoja kuanzia darini hadi sakafuni. Juu yake tunarusha video ya kisiki kimoja nilichokuwa nakirekodi kutoka sehemu ileile, kiangazi na masika. Sauti ni panga likipogolea, mbuzi kwa mbali, na ngoma za muheme za akina mama wa Kigogo. Kufunga, kupima mwanga na kutafuta ekstensheni ndefu kumekula asubuhi karibu yote. Hayo tuyaache.

Saa tano wanaingia wanafunzi wa shule ya msingi. Shikamoo zinapokelewa, kisha maswali yanaanza. Binti mmoja anaikodolea macho video, anauliza: "Huo mti si umeshakatwa? Unakuaje bila kupandwa?"

Nikamwonyesha kwenye gunia. Mti ukikatwa, mizizi mara nyingi inabaki hai. Kisiki kinatoa machipukizi mengi kwa pamoja, yanagombania maji, mbuzi wanayatafuna, na mwisho kinabaki kichaka kifupi miaka nenda rudi. Mkulima anachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine anayakata, anafunga kitambaa cha rangi ili kila mtu ajue kisiki hiki kina mwenyewe, kisha anakilinda. Mkoa wetu mvua zake ni haba, na kuanzia Mei hadi Novemba huwa pakavu kabisa. Mche mchanga unahitaji kumwagiliwa miezi yote hiyo. Kisiki tayari kina mizizi chini kabisa.

Hapa nina neno. Tunapenda sana kuhesabu miche iliyopandwa siku ya sherehe. Ningefurahi tukirudi Oktoba inayofuata kuhesabu iliyobaki, na tuwape heshima wanaokesha na panga wakilinda visiki ambavyo hakuna mgeni rasmi aliyevikatia utepe.

Saa nane mchana, baada ya ugali na mlenda wa harakaharaka, anaingia mzee mmoja wa Kondoa na mkongojo wake. Anakaa muda mrefu mbele ya picha ya korongo. Namsalimu, ananipokea, kisha anauliza: "Mwanangu, ng'ombe wako wapi?"

Anazungumzia mwaka 1979. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, ulikuwa umefika mahali pa kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani yakarudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Mzee anakubali yote hayo, na anayataja kwa fahari. Lakini anasema pia habari ya watoto waliokuwa wamezoea maziwa, na ya baba yake kutembea na ng'ombe kwenda kwa ndugu wa mbali. Nikamwomba ruhusa, nikawasha kinasa sauti, akasimulia tena yote, taratibu, huku akigonga mkongojo sakafuni kila alipotaja jina la ng'ombe.

Nimeamua sauti ile iingie kwenye kazi, iwekwe chini ya picha ya korongo. Hifadhi ya ardhi ina watu waliotoa walichokuwa nacho, na picha isiyowataja inapunguza ukweli. Ndiyo maana naipenda njia ya kisiki hai: shamba linabaki la mwenyewe, na mifugo inabaki, ila kwa makubaliano ya mahali pa kulishia.

Saa kumi na moja jioni umati ni mkubwa. Picha ya mbuyu wa udongo mweusi inauzwa, na mbili ndogo za mkaa. Mnunuzi mmoja anaomba kupunguziwa. Namweleza nusu inakwenda wapi, analipa kamili na kuomba aelekezwe kijijini.

Saa mbili usiku namtumia mweka hazina wa kikundi fungu lao kwa simu, kisha nampigia kuhakikisha.

"Imefika, mwanangu, Mungu akubariki," anasema. "Sasa vitambaa vya kufungia vimetuishia, na mvua hizo zinakuja."

Nina mabaki ya vitambaa vya turubai, mekundu yote kwa udongo. Kesho kabla ya kufungua ukumbi nayakata vipande, na basi la mchana litavipeleka.