Ninachokunywa kabla na baada ya kuzamia

Wazamiaji wengi ninaowafahamu hawanywi maji ya kutosha kwa sababu moja wasiyopenda kuitaja: mkojo. Ukishavaa suti ya kubana na kufungwa mtungi mgongoni, huna pa kwenda. Basi mtu anajinyima tangu alfajiri, halafu mchana anashangaa kichwa kinamgonga. Mimi nimelimaliza tatizo hilo kwa kubadili saa za kunywa, si kwa kupunguza maji.

Kwanza, kujinyima hakusaidii. Ukiwa ndani ya maji, damu husukumwa kutoka miguuni na mikononi kwenda kifuani. Moyo unatanuka, mwili unadhani una maji ya ziada, na figo zinaanza kuyatoa. Baridi huzidisha, kwa kuwa mishipa ya ngozi nayo hujikaza. Kwa hiyo hata asiyekunywa kitu atabanwa, tena anakojoa maji ambayo alikuwa anayahitaji. Juu ya hayo, hewa ya mtungini huondolewa unyevu kabla ya kujazwa ili mtungi usishike kutu, na mapafu hulazimika kuilowesha kwa kila pumzi. Ndiyo maana koo hukauka hivyo. Jasho la ndani ya suti kabla ya kushuka sina haja ya kulieleza.

Kazi yangu huanza jana yake jioni. Nakunywa maji pamoja na chakula, na pombe siku hiyo sigusi. Nikiamka nakunywa glasi mbili taratibu, kama saa mbili kabla ya kushuka, ili ziada itoke nikiwa karibu na choo. Kwenye boti ni mafunda tu. Kipimo ni rangi ya mkojo: ukiwa wa manjano hafifu niko sawa, ukikoza naongeza. Ukiwa mweupe pe, naacha. Maji kupita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu, na yanatajwa miongoni mwa mambo yanayochangia mapafu kujaa maji wakati wa kuzamia. Anayejimiminia lita nzima dakika za mwisho eti afidie anajitafutia balaa.

Kahawa sijaiacha. Aliyezoea kikombe chake cha asubuhi hapotezi maji ya kutisha, na akikikosa kichwa kinaweza kumuuma huko chini. Vinywaji vyenye gesi ndivyo ninavyovikwepa. Katika kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwa hiyo gesi iliyojitengeneza tumboni ukiwa hapo itakuwa imevimba mara mbili ukifika usoni pa maji. Juisi chachu nazo nasubiri hadi baadaye: mzamiaji hulala kifudifudi, wakati mwingine kichwa chini, na kiungulia hakihitaji mwaliko.

Kati ya kuzamia mara ya kwanza na ya pili ndipo ninapokunywa kwa bidii, maana suti iko kiunoni na kuna muda. Maji ya kawaida yanatosha. Bahari ikichafuka nikatapika, nachanganya pakiti ya chumvi-sukari kwenye lita moja ya maji safi na kuinywa kidogo kidogo. Kama kutapika hakukomi, sishuki tena siku hiyo.

Nikishamaliza kabisa, bado nakunywa. Damu ndiyo inayobeba naitrojeni, gesi ya hewani ambayo mwili huifyonza ukiwa chini, kutoka mwilini kwenda mapafuni, na mwili uliokauka haupitishi damu vizuri. Lakini tusidanganyane: maji peke yake hayazuii ugonjwa wa mapovu, yaani ule wa gesi hiyo kugeuka mapovu mwilini mtu anapopanda. Kinga yake ni kuheshimu kina na muda, na kupanda polepole.

Bia ndiyo yenye ubishi, kwa kuwa kila mtu huitaka mara tu anapovua suti. Mimi naiahirisha kwa saa kadhaa. Dalili nyingi za ugonjwa ule hujitokeza ndani ya saa 24, na zinafanana mno na za mlevi: uchovu, kizunguzungu, ganzi, kuyumba. Ukiwa na chupa mbili tumboni, wewe na wenzako mtasema ni bia, kumbe ulitakiwa kupewa oksijeni na kukimbizwa kwa daktari. Usiku nikiwa mzima nakunywa moja, ila si kama kesho yake kuna kuzamia tena.