Joto la juu na chini: nilipofikia na nyumba yetu ya Bububu

Nyumba yenyewe iko Bububu, Unguja, na ni ya ghorofa moja. Chini kuna ukumbi, jiko na chumba cha mama. Juu vyumba vitatu na kibaraza kinachotazama magharibi, baharini. Kuta za matofali ya saruji ya inchi sita, zege katikati, na juu kabisa kenchi, bati na silingi ya jipsam. Kaskazi ikishaingia, kuanzia Disemba mpaka Machi, juu hakulaliki. Watu hushuka na magodoro ukumbini, na vyumba vitatu vilivyojengwa kwa pesa nyingi hubaki kuwa stoo ya nguo. Lengo langu si kuigeuza nyumba friji. Nataka tofauti ya juu na chini ipungue hadi kila mtu alale chumbani kwake, bila uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, kwisha katikati ya mwezi.

Januari: kupima kwanza

Nilinunua vipimajoto vidogo vya betri, vile vinavyoonyesha na unyevu wa hewa. Kabla ya kuvigawa nilivilaza pamoja mezani usiku mzima. Kimoja kilikuwa kinazidisha nusu nyuzi, nikakiandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito ili nisisahau kupunguza. Kisha kimoja kikakaa ukumbini, kimoja chumba cha watoto juu, na kingine nikakipenyeza kwenye tundu la taa kikae baina ya jipsam na bati.

Alfajiri juu na chini karibu sawa. Saa nane mchana ukumbi una nyuzi 30, chumba cha watoto 33, na kule chini ya bati kinapita 50. Hayo nilikuwa nayategemea. Kilichonishughulisha ni usiku. Saa tatu, nje kumeshashuka kufika 28 na bati ukiligusa halina moto tena, lakini chumba cha watoto bado kiko 32. Nikaanza kupapasa kuta. Ukuta wa mashariki wa kawaida. Ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri mpaka magharibi inaingia, una joto la kusikika kwenye kiganja. Tofali la saruji hunywa joto taratibu na kulitoa taratibu, kwa hiyo linalomwaga chumbani saa tatu usiku ni jua la saa kumi.

Basi wakosaji ni wawili na kila mmoja ana zamu yake: bati mchana, ukuta wa magharibi usiku. Chini kumesalimika kwa sababu vyumba vya juu na zege ndiyo mwavuli wake.

Binamu yangu anayeishi Toronto alicheka nilipompelekea vipimo. Kwao nyumba nyingi za ghorofa zina mashine moja inayosukuma hewa, ya moto wakati wa baridi na ya baridi wakati wa joto, kupitia mabomba ya bati yaliyofichwa kutani. Swichi inayopima joto mara nyingi huwa moja, chini. Ikiona chini kumetosha, inazima, na wa juu wanaendelea kutoka jasho. Dawa yao ni kuweka vilango ndani ya mabomba na kipimo cha pili juu, kila ghorofa ijitegemee. Sisi mabomba hayo hatuna, na kupasha joto hakutuhusu: Julai usiku ukishuka kufika 22 mama huvaa sweta na mambo yakaisha. Ila wazo la kila ghorofa kujitegemea nililichukua.

Februari: paani

Zanzibar iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na miezi iliyobaki haliendi mbali. Paa ndilo linalopokea kipigo kikubwa, na ndiko nilikoanza.

Wengi waliniambia nipake bati rangi nyeupe. Ni kweli husaidia, rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto. Lakini maji ya mvua ya bati letu huenda kwenye tangi la kufulia, na baada ya masika moja nyeupe huanza kushika ukungu na majani ya mwembe. Nikachagua foili, karatasi ya chuma inayong'aa ya kutandazwa chini ya bati kuzuia joto.

Foili ina masharti ambayo muuza duka hakutajii. Haitakiwi kugusana na bati, kwani ikigusana joto linapita moja kwa moja na umenunua karatasi ya kumeremeta tu. Inataka nafasi ya hewa. Na upande unaong'aa ni bora utazame chini. Watu hushangaa, wanadhani ung'aaji ni wa kurudisha jua kama kioo. Hapana: uso unaong'aa hautoi joto lake kwa urahisi, kwa hiyo bati likimimina joto chini, foili inapata moto lakini haiumimini kwenye silingi. Uso huo ukitazama chini pia haushiki vumbi, na foili yenye vumbi imekwisha kazi.

Fundi wangu alitaka kuigongelea kwa stepla huku nyaya za taa zimelala juu ya mbao za kenchi. Nilimwambia tuzime swichi kubwa kwanza. "Wa nini, sheikh, tunamaliza sasa hivi." Nikamweleza yaliyotokea Australia mwaka 2009 na 2010, serikali ilipolipia nyumba nyingi kuwekewa vizuia joto darini: vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikufa, watatu kwa umeme. Foili ni chuma, na pini moja ikitoboa waya foili nzima ina umeme. Akashuka mwenyewe kuzima.

Kwenye pembe mbili za paa tulitoboa matundu, na chini ya kingo tukaacha mwanya, ili hewa ya moto itokee juu na ya nje iingie chini. Mama alikuwa chini anatutazama.

"Na popo je?"

"Tunatia wavu, mama."

"Na kunguru?"

"Wavu wa chuma, mama."

"Haya. Lakini wakiingia, utalala nao wewe."

Kipimo cha juu ya jipsam sasa saa nane mchana hakipiti 41. Chumba cha watoto mchana kimeshuka nyuzi mbili kasoro kidogo. Usiku mabadiliko hayaonekani sana, na hilo lilithibitisha kuwa ukuta una kesi yake.

Masika

Mvua. Juu na chini sawasawa, kila kitu kibichi. Matundu hayavuji.

Juni na Julai: upepo

Bububu ni pwani ya magharibi. Kusi na kaskazi zote zinatujia kwa nyuma, kutoka upande wa mashamba. Aliyechora nyumba yetu aliweka madirisha makubwa upande wa bahari kwa ajili ya mandhari, na upande wa nyuma akaweka choo, stoo na ukuta mtupu wa ngazi. Yaani upepo tumeufungia mlango na jua la alasiri tumelifungulia. Kuna na jambo la madirisha ya aluminiamu ya kusukuma: hata ukilifungua lote, nusu yake ni kioo, na ile nusu nyingine ina wavu wa mbu unaopunguza upepo.

Nilikwenda kumtembelea mjomba Mkunazini, kwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, nikakaa nayo nikiiangalia kwa jicho la mradi. Kuta nene karibu nusu mita, silingi ndefu juu ya boriti za mikoko, na katikati uwa ulio wazi juu. Hewa ya moto inapandia uwani na kutoka, na ya kivulini inavutwa kupitia vyumbani. Ukuta mnene siwezi kuujenga tena. Uwa ninao wa aina yake: ngazi.

Tukavunja ukuta wa nyuma juu ya ngazi, tukatia dirisha la vioo vya kubinua na nondo, chini kidogo ya silingi. Mengine mawili ya vyumbani tukayabadilisha kutoka ya kusukuma kuwa ya bawaba. Kusi ilivyokuwa inavuma, siku ya kwanza tu mapazia ya kibarazani yalisimama nje.

Oktoba: kivuli na kiyoyozi

Kwa ukuta wa magharibi nilifunga fremu ya mabomba mepesi kibarazani, futi moja kutoka ukutani, nikatandika wavu wa kivuli wa bustani. Kivuli cha nje kinashinda pazia zito la ndani, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia, pazia linalipokea tu. Saa tatu usiku chumba cha watoto sasa kiko 29 na ukuta hausikiki kitu.

Fundi wa viyoyozi alinishauri kinyume kabisa. "Kaka, weka moja kubwa ya BTU 24,000 hapo chini ya ngazi, itapiga nyumba nzima." BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza. Haiwezi. Hewa ya baridi ni nzito, itajaa ukumbini kwa mama ambaye hakuiomba, na juu watabaki vilevile. Tena mashine iliyozidi nafasi yake hupoza haraka ikazima kabla ya kukausha hewa, unabaki na ubaridi wa chepechepe, na kwa unyevu wa hapa ndiyo shida yenyewe. Nimeweka ndogo ya 9,000, ya inveta, yaani inayopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, chumba kimoja cha juu, na mlango unafungwa ikiwaka. Tunaiweka 26 na pangaboi mwendo wa chini. Pangaboi halipozi chumba, linampoza mtu, kwa hiyo mtu akitoka anazima; somo hili watoto wamelielewa kuliko baba yao mdogo. Sehemu ya nje nimeiweka upande wa mashariki, kivulini na mbali kidogo na chumvi ya bahari. Maji yake yanakwenda kwenye asumini ya mama.

Disemba: hali ilivyo

Kaskazi imerudi. Saa tatu usiku juu kunazidi chini kwa nyuzi moja, moja na nusu siku za shwari. Watoto wakirudi chuoni ndio wenye kazi ya kupanda kufungua madirisha ya nyuma, na dirisha la ngazi halifungwi ila mvua. Magodoro yako juu. Kiyoyozi huwaka usiku ambao hakuna upepo kabisa.

Wavu wa kibarazani umeanza kuchanika kwenye pembe, upepo unaupigisha kwenye bomba usiku kucha. Nataka kuuondoa nitie vibao vya mbao vya kulala mshazari. Seremala amekuja kupima. Mimi nilifikiria mvinje, yeye anasema itapinda kwa jua lile na anataka mninga. Bei ya mninga bado tunaizungumza.