Njia ya kuja Lindi imo kwenye damu ya ndege

Korosho zikianza kuokotwa, nao wanaingia. Ndege mdogo, mgongo wa kijani kilichofifia, kifua cha manjano hafifu, mstari mwembamba juu ya jicho kama wanja. Ana gramu 9 au 10 tu. Hatulii: anapita jani kwa jani kwenye mikorosho ya mjomba wangu hapa Mtama, akidona wadudu. Vitabuni anaitwa Phylloscopus trochilus. Amezaliwa Ulaya ya kaskazini, na safari ya kwanza ya kuja huku anaruka usiku, bila mzazi wa kumwonyesha njia.

Mjomba aliponiuliza, "Mwanangu, sasa nani kamwelekeza?" nilimjibu kwamba majibu yameanza kupatikana, na yamepatikana kwenye damu. Nafanya kazi ya maabara, kwa hiyo habari za damu huwa siziachi zipite.

Chukua tone la damu ya mtu, lipake kwenye slaidi, lipake rangi ya Giemsa kama tunavyofanya kutafuta malaria. Chembe nyekundu utaziona za duara, katikati zimepauka, hazina kiini. Fanya hivyo hivyo kwa damu ya kuku anayechinjwa nyumbani. Chembe zake ni za umbo la yai, na kila moja ina kiini cha zambarau katikati, kimekolea. Mara ya kwanza kuiona nilikaa kwenye maikroskopu muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kiini ndimo vinasaba vilimo. Kwa mtu tunahangaika kuvitoa kwenye chembe nyeupe, ambazo ni chache. Kwa ndege karibu kila chembe ya damu inavyo. Ndiyo maana tone dogo kutoka mshipa wa bawa linatosha, na ndege anaachiwa aende zake.

Jenomu ya ndege, yaani maandishi yake yote ya vinasaba, ni fupi ukilinganisha na yetu: herufi bilioni 1 na kidogo, wakati ya binadamu ni kama bilioni 3. Ya kuku ilitoka mwaka 2004. Mwaka 2012 watafiti wa Uppsala, Sweden, wakatoa ya ndege mwimbaji wa porini, Ficedula albicollis, ambaye naye huja Afrika kila mwaka.

Kusoma ni kazi moja, kupanga ni nyingine, na kupanga ndiko kugumu. Mashine haisomi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inatoa vipande, halafu kompyuta inaviunga kwa kutafuta miisho inayofanana. Anayeshona mkeka anaelewa: ukili wenye nakshi tofauti unajua kabisa unakaa wapi, lakini ukili wote ukiwa wa rangi moja, utabahatisha. Kwenye jenomu kuna sehemu nyingi za namna hiyo, maneno yaleyale yanarudiwa na kurudiwa. Vipande vikiwa vifupi, sehemu hizo zinaachwa nje ya ramani.

Kwa ndege wetu huyu, sehemu iliyokuwa imeachwa nje ndiyo iliyobeba jibu. Sweden kuna jamii mbili zake, zinafanana mno kwa macho. Ya kusini hupita kusini-magharibi na kumalizia Afrika Magharibi. Ya kaskazini hushuka kusini-mashariki, ikaja Afrika Mashariki na kusini mwa bara. Katikati ya nchi zinakutana na kuzaliana. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Lund waliwafunga ndege wa eneo hilo vifaa vya takriban nusu gramu vinavyorekodi mwanga wa mchana, maana saa za macheo na machweo zinaonyesha ndege alikuwa wapi. Kisha wakalinganisha njia na jenomu. Mwaka 2023 walichapisha matokeo: mwelekeo wa safari unaendana na sehemu mbili tu. Moja iko kwenye kromosomu ya 1 (kromosomu ni uzi unaobeba vinasaba). Nyingine ni lile eneo la marudio, lenye mabaki ya virusi vya kale, ambalo alama yake ilikuwa inajulikana siku nyingi ila halikupata mahali pa kukaa kwenye ramani. Na sehemu moja inaweza kuizima nyingine, ndiyo maana machotara wengi hushika njia ya upande mmoja badala ya kupita katikati, kwenye Sahara pana.

(Damu haisemi yote, lazima niseme. Ndege waimbao wana kromosomu moja ya ziada inayokaa kwenye seli za uzazi peke yake. Mwaka 2019 iligundulika kwa kila aina ya ndege mwimbaji aliyechunguzwa. Kwenye slaidi yangu hutaiona kamwe.)

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kifaa kile hakitumi habari. Lazima ndege arudi Sweden, akamatwe tena, ndipo kisomwe. Maana yake kila mstari kwenye ramani zao ni wa ndege aliyefika Afrika, akaishi, akarudi. Aliyekufa Mtama, Masasi au Kilwa hayumo. Na huku ndiko anakokaa miezi mingi ya mwaka! Sasa ramani ya jenomu ipo, kifaa si lazima tena kwa kila swali. Tone moja lililochukuliwa chini ya mkorosho hapa lingetueleza ndege huyu amebeba toleo gani la sehemu zile mbili, na kama kuna wenye toleo la magharibi wanaofika kwetu. Kibali cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, kinahitajika, nyavu laini na mtu aliyefundishwa kumshika ndege bila kumuumiza. Maabara za vinasaba nchini zipo, ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, ni mojawapo. Naona si haki swali la ndege anayekula wadudu wa korosho zetu lisubiri mpaka aulizwe Sweden.

Nimeshaongea na mjomba, amekubali shamba litumike. Mwezi wa tatu ndio mzuri zaidi, kwa sababu madume huanza kuimba kabla ya kuondoka, sauti inaanzia juu na kuteremka taratibu, hivyo ni rahisi kuwapata. Kama unasoma haya na uko kwenye utafiti wa ndege, hata kama ni mwanafunzi wa shahada ya pili anayetafuta mada, niandikie hapo chini. Slaidi na maikroskopu ninazo.