Mbuga ya mita 5 kwa 6: daftari la uani kwangu, Iowa

Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba naotesha mbuga nyuma ya nyumba, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na simba mtawaweka wapi?" Ndiko neno lilikofika. Zamani mbuga ilikuwa uwanda wa nyasi tu. Siku hizi ukilitaja, mtu anaona geti, Land Cruiser na watalii. Mimi nazungumzia uwanda wa nyasi. Hapa Iowa, Marekani, wanauita prairi, na ulifunika asilimia 80 hivi ya jimbo kabla ya plau za chuma kuja. Wa asili uliobaki haufiki asilimia 0.1. Kwingine kote ni mahindi na soya, kisha mahindi tena.

Nimenakili kutoka daftarini, makosa nimeyaacha kama yalivyo.

Juni 2022

Nimepima kipande upande wa kusini wa uani, jua kutwa. Majani yaliyopo ni yale ya kapeti yaliyo kwa kila jirani. Jina lao ni la Kentucky, asili yao Ulaya. Sikushika jembe. Ukigeuza udongo unaamsha mbegu za magugu zilizolala humo miaka. Nimetandika turubai jeusi, nikalibana kwa matofali, liyaunguze majani hadi baridi ije. Mama watoto anasema uani pamekuwa kama stendi inayojengwa.

Novemba 2022

Karibu niharibu mapema. Dukani nilinunua pakiti yenye picha nzuri, "maua ya porini". Nikasoma mgongoni kwa herufi ndogo: karibu yote ya Ulaya. Nimeitupa, nikaagiza kwa mtu anayevuna mbegu za hapahapa jimboni. Gramu 60, aina 23. Ukizishika huamini; nyingine ni vumbi kabisa. Nimezichanganya na mchanga wenye unyevu ili nione zinapoangukia, nikazisia kwa mkono kama mpunga, kisha watoto wakacheza juu yake hadi zikashikamana na udongo. Hazifukiwi.

Kwetu Shinyanga tunasia tukisubiri mvua. Huku unasia ukisubiri theluji, kwa kuwa mbegu nyingi za prairi hazioti mpaka zipitiwe na baridi kali.

Juni 2023

Magugu matupu. Nilikuwa nimeonywa: wazee wa kazi hii husema mwaka wa kwanza prairi hulala. Inalala juu tu, chini inachimba. Unachofanya ni kufyeka kila kitu kibaki kimo cha shibri moja hivi, mche mchanga upate mwanga, gugu lisizae mbegu.

Mama aliomba kuona kwenye video. Nikamwonyesha uzio wa kamba na kibao cha kuzuia watoto wa jirani wasipite. Akacheka. "Kumbe umefunga ngitili huko Ulaya." Kwake ng'ambo yote ni Ulaya. Lakini jina amelipatia. Wasukuma hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nyasi ziinuke ziwe akiba ya kiangazi. Nilipokuwa mdogo mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulikuwa ukihimiza watu warudishe ngitili zilizokuwa zimekwisha, na baba alifunga ya kwake nyuma ya boma. Sikujua nilikuwa nasoma somo la ukubwani.

Agosti 2023

Ukame. Ardhi imepasuka, kapeti la jirani limekuwa rangi ya gunia. Na katikati ya ukame huo huo nimepata barua kutoka ofisi ya mji: majani yangu yamezidi inchi 10, niyakate ndani ya siku saba. Nilikasirika, nikaandika jibu la kurasa mbili, nikalichana. Badala yake nimekata ukanda safi wa upana wa mashine kuzunguka kipande chote na kusimamisha kibao chenye majina ya mimea. Ofisa alipokuja alitazama ukanda, akasoma kibao, akaondoka. Mimea ni ileile. Kumbe tatizo lao lilikuwa ni kutojua kama kuna mwenye kuitunza.

Aprili 2024

Hii nitaiandika kwa urefu.

Nimejitolea kwenye uchomaji wa kiraka cha prairi ya asili kando ya reli. Kando za reli ni kati ya sehemu chache ambazo plau haikupita. Kwetu ukichoma ngitili ya mtu utaitwa mbele ya sungusungu na faini utalipa. Moto ni adui. Nimekua nikijua hivyo. Sasa napewa koti lisiloshika moto, pampu ya maji ya mgongoni, na mwanamama wa miaka sabini hivi, mkuu wetu siku hiyo, ananiambia nisimame mahali pamoja nisihame.

Aliokota majani makavu, akayavunja masikioni akisikiliza. Akapima upepo. Akasubiri dakika arobaini. Kisha akaanza upande ambao upepo unaendea, ili moto urudi nyuma polepole ukijila wenyewe na kuacha ukanda mweusi wa kuuzuia. Baada ya hapo ndipo akawasha upande wa pili, na moto ukaja kwa sauti kama ya mabati yakianguka. Robo saa, umekwisha.

Nilipiga magoti nikagusa majivu. Vuguvugu juu, na udongo chini yake wa baridi kabisa, wenye unyevu. Ndiyo siri yenyewe: uhai wa nyasi hizi uko chini, moto hauufikii. Miche ya mierezi inayotaka kugeuza uwanda kuwa kichaka inakufa, tandiko la majani makuukuu linaondoka, na ardhi nyeusi inapata joto mapema.

Tulichoma theluthi moja tu. Nikauliza kwa nini tusimalize, hali ya hewa nzuri, watu tupo. Akanionyesha majani yaliyolala upande wa pili. Kuna kipepeo mkubwa wa prairi, Speyeria idalia, anayezidi kupungua. Viwavi wake hupitisha baridi humo wakiwa wadogo kuliko punje ya mchele, wakingoja miche ya vayoleti ichipue, maana hawali kingine. Ukichoma chote, umemchoma naye. Basi kumbe hata huku kuna sheria ya moto, ila imeandikwa kwa mkono mwingine.

Kwangu mjini moto hauruhusiwi. Nimefyeka na kukusanya kwa reki.

Mei 2024

Tumekwenda makaburi ya Rochester, wilaya ya Cedar. Walowezi walizika wafu wao humo na hawakulima, na kwa sababu hiyo tu prairi imesalia katikati ya mialoni mikubwa. Mwezi huu maua ya Dodecatheon yameinamisha vichwa kati ya mawe ya makaburi, petali zimepinduka nyuma kama ndege anayeshuka. Nimefikiria makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda kule pwani: msitu umepona kwa sababu wazee wamo.

Nimerudi nyumbani nikakitazama kipande changu kwa jicho jingine. Nina aina 23, na zilizotokea mpaka sasa ni 14. Pale Rochester zinahesabiwa kwa mamia, pamoja na kuvu na wadudu ambao hakuna anayewauza kwa pakiti. Kuna kipepeo mdogo wa kahawia, Oarisma poweshiek, aliyepewa jina la wilaya ya Poweshiek hapahapa Iowa. Zamani alikuwa wa kawaida kabisa. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilimtangaza kuwa hatarini kutoweka, na Iowa hajaonekana kwa zaidi ya miaka kumi. Huyo hata nikiotesha uani ekari mia hatakuja. Bustani yangu ni bustani. Anayelima kiraka cha mwisho cha asili halafu akaahidi kupanda kingine anadanganya, au amedanganywa.

Julai 2024

Furaha ya saa tatu. Nyuki bambi, yule mnene mwenye manyoya, kwenye ua la Monarda, na mgongoni ana doa la kutu! Nikaamini ni Bombus affinis, aliyeingizwa kwenye orodha ya hatarini mwaka 2017, wa kwanza miongoni mwa nyuki bambi wa bara la Marekani, na mashariki mwa Iowa bado yupo. Nilipiga picha 40, mikono inatetemeka, nikazituma kwa wanaohesabu nyuki. Jibu lilikuja jioni, la upole: ni Bombus griseocollis. Kwake huo ni mshipi wa kahawia kwenye pingili ya pili. Affinis doa lake huwa katikati ya pingili hiyo, na nyuma yake kuna njano. Nimechora tofauti hiyo ukurasa mzima ili nisiaibike tena. Griseocollis naye karibu, ale.

Februari 2025

Hakuna cha kuandika. Theluji.

Agosti 2025

Sasa imeinuka. Nyasi ya Andropogon gerardii imenipita kichwa, na shuke lake limegawanyika vidole vitatu, ndiyo maana wenyeji wakaiita mguu wa batamzinga. Pembeni yake Sorghastrum, jamaa ya mtama. Mama aliiona kwenye video akasema hiyo mbona mtama wa njaa. Nilichimba shimo la nguzo pembeni, sentimita 60, na mizizi ilikuwa bado inaendelea chini, myembamba kama nyuzi za katani. Ikikomaa hushuka mita 2 hadi 3.

Binti yangu amehesabu viwavi 11 wa kipepeo mfalme kwenye mimea ya maziwa, ile inayotoa utomvu mweupe ukikwanyua jani. Hawali mmea mwingine. Kwetu yupo ndugu yake, Danaus chrysippus, wa rangi hiyohiyo ya chungwa, ila huyu wa huku akizaliwa mwisho wa kiangazi huruka hadi milima ya Michoacán, Meksiko, bila kufundishwa njia. Desemba 2024 serikali ilipendekeza awekwe kwenye orodha ya walio hatarini. Binti ameniuliza kama wetu watafika. Nimemwambia sijui. Siku ya tatu walibaki sita, nyigu wamepita.

Septemba 2025

Nimevuna mbegu za Sorghastrum kwenye mifuko ya karatasi, inaning'inia gereji. Moja ameichukua bibi jirani, yule wa kapeti rangi ya gunia. Hakusema ataitia wapi.

Aina zilizotokea: 19. Mmoja wa walionichelewesha ni Silphium laciniatum, mmea dira, ambao majani yake hujipanga kaskazini na kusini kukwepa jua kali la mchana. Kusubiri maua yake kunaweza kukuchukua miaka mingi. Wangu leo una jani la nne. Nimelala tumboni na dira ya simu, mama watoto akinitazama dirishani. Umekosea kwa nyuzi kumi hivi.