Nilivyoifungua maabara ya wanafunzi wangu

Karatasi yangu ya zamani ya maabara ilikuwa na hatua 14. Pima, changanya, anza kuhesabu muda, andika. Wanafunzi wa uhandisi wa kemikali walizifuata barabara, na ripoti zao zikafanana kama mapacha. Siku moja niliuliza kwa nini walichagua nyuzijoto 25. Kimya. Hawakuchagua wao, nilichagua mimi.

Nikabakiza swali moja tu: mkiwa na etili asetati na hidroksidi ya sodiamu, ambayo ni alkali, fanyeni asilimia 80 ya etili asetati iwe imeshageuka kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mara ya kwanza nilikosea, niliacha kila kitu wazi. Kundi moja lilimaliza saa nzima likibishana pa kuanzia, jingine likataka kupasha moto alkali kali mno. Niliwahi kuwazuia kabla hawajafungua chupa, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Muhula uliofuata swali lilibaki wazi, mipaka nikaikaza: kila myeyusho usizidi molari 0.1 (kipimo cha ukolezi) wala lita 2, joto lisipite nyuzi 40, muda saa 3. Wiki moja kabla, kila kundi lilete mpango wa kurasa mbili wenye makadirio. Kwa nyuzi 25, ukichanganya sawa kwa sawa miyeyusho ya molari 0.1, hesabu inatoa kama dakika 12 kufikia asilimia 80. Asiyeweza kufika hapo kwa kalamu, simruhusu kushika chupa.

Kundi moja lilifuatilia mmenyuko kwa mita ya upitishaji umeme. Namba inatakiwa ishuke, kwa kuwa ioni (chembe zenye chaji) za hidroksidi, ambazo hupitisha umeme karibu mara tano ya zile za asetati, zinapungua na za asetati zinachukua nafasi yake. Yao ikashuka, halafu ikaanza kupanda.

“Mwalimu, mita imeharibika.”

“Mmejuaje?”

Nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikonishinda kwa miaka. Msichana mmoja akashika bika, chombo chenye mchanganyiko, akashtuka kwa joto lake: mwenzao alikuwa amepandisha joto la maji jaribio likiendelea, na kila nyuzi moja huongeza upitishaji kwa takriban asilimia 2.

Asilimia 80 hawakuifikisha. Hata hivyo niliwapa alama za juu, maana alama nyingi nimezihamishia kwenye sababu za maamuzi, na yao waliieleza kwa grafu mbili, ya kabla na ya baada ya kosa. Saa 3 zilipokwisha wakaomba nusu saa nyingine warudie. Niliwapa.