Nilivyomtoa mnandi kwenye timba, na nusura nimuue

Mi sio mtaalamu wa ndege jamani, nauza kava za simu Kirumba hapa Mwanza, ila kila Jumamosi asubuhi tunaenda na wenzangu kuokota nyavu zilizotupwa kwenye mawe kule Luchelele, ukingoni mwa Ziwa Victoria, hatulipwi, nauli kila mtu yake. Januari ndo napapenda zaidi, Ulaya ni theluji tupu na baadhi ya ndege wao wako huku kwetu, kuna kale kakitwitwi kanapita ukingoni kanatikisa mkia kama kamesikia singeli.

Sa Januari hiyo tukamkuta mnandi, ndege wa majini anayezamia samaki, yule mkubwa wa kifua cheupe, kanasa kwenye timba. Kwa msioijua, timba ni wavu wa uzi mmoja wa nailoni, ukiwa majini huuoni, umepigwa marufuku ila ziwani bado upo. Uzi umezunguka bawa na mguu, kila akijivuta unakaza. Mi kwa ushujaa wangu nikamshika na mikono mitupu, akanidonoa chini ya jicho, ule mdomo una ndoano mbele, ingekua juu kidogo saa hizi mngekua mnaniita chongo. Nikavua tisheti nikamfunika kichwa, akatulia palepale, giza bwana. Halafu kwa hasira nikamfunga mdomo na rababendi zangu za kufungia noti.

Mzee mmoja alikua anashona nyavu pembeni, akaniangalia weee, akasema, "Dogo, huyo anahemea mdomo, pua hana." Nikajua utani. Kuangalia hivi, kweli, matundu ya pua yameziba! Nikazikata fasta, nikamshika mdomo huku nimeacha upenyo katikati, akavuta hewa mpaka kifua kikapanda. "Shikamoo tena mzee," nikamwambia.

Uzi wenyewe usiuvute, unakatwa na wembe kidogo kidogo, na uhakikishe umetoka wote, kipande kikibaki mguuni kitakuja kula nyama. Tulitumia kama dakika 40.

Na hatukumrusha juu kama kwenye muvi, tulimweka kwenye jiwe tukarudi nyuma. Akatanua mabawa kujianika, maana manyoya yao yanalowa, akakaa hivo mpaka tukachoka kusubiri, mara akatapika furu wawili, vile visamaki vidogo vya ziwani, akazama zake majini.

Mzee akawatazama wale furu. "Si bora angetapika sato."